Bei ya soda kwenye meli ya kitalii inatisha, mliowahi kupanda mnafanyaje?

mama_wawili_tabata
Habarini wakuu, poleni na joto. Kaka angu anaishi Houston katualika Desemba mimi, mume wangu na watoto wawili, halafu katukatia na meli ya Carnival inayoondokea Galveston, siku 7, inaenda mpaka Cozumel kule Mexico na kurudi. Tiketi kalipa yeye na chakula kimo humo humo, nikajua mambo yameisha, kumbe soda haimo! Unanunua mwenyewe, kopo dola 3 hivi na juu yake wanaweka hela ya huduma. Na wanangu hawa kwa soda ndo usiseme, kwa Mangi hapa mtaani wana daftari lao kabisa. Kaka anasema tuchukue kifurushi cha soda, kama dola 10 kwa mtu mzima kwa siku na mtoto pungufu kidogo, unakunywa mpaka uchoke, sasa nimepiga hesabu watu 4 siku 7 inaweza kukaribia dola 280, hapo huduma bado, yaani kama laki saba ya SODA jamani. Kumwambia kaka alipe na hiyo naona aibu. Nisaidieni.

kijana_wa_temeke
😂😂 mtu anafika Mexico anawaza soda. Dada bebeni kreti zenu kama watu wanavyopandisha mizigo boti ya Zenji, nani atawakagua

baharia_wa_tanga
Dogo usimponze dada wa watu, mizigo yote inapita kwenye skana kama airport na wanaokagua wanajua kila ujanja. Nimefanya kazi meli za watalii miaka sita, nilikuwa kitengo cha usafi wa vyumba, sasa hivi nimerudi zangu nyumbani. Dada sikiliza, Carnival wanaruhusu kila mtu aingie na soda 12, ila ziwe za kopo au boksi la karatasi zisizozidi ml 355, hazijafunguliwa, na siku ya kupanda tu. Chupa za plastiki za takeaway wanazitoa, za kioo ndo kabisa. Na uzishike mkononi, usizitie kwenye lile begi kubwa unalowakabidhi wapagazi, hapo ndo wengi wanapoliwa. Mko wanne kwahiyo makopo 48, mwambie kaka awapitishe Walmart, supamaketi ya huko, siku moja kabla mchukue katoni nne za kumi na mbili kumi na mbili, haziwezi kufika hata bei ya kifurushi cha siku mbili kwa nyie wote.

Kifurushi sikushauri labda mtu awe mnywaji haswa. Kifurushi ni kama dola 10, kopo moja moja ni dola 3, na huduma wanaongeza kote kote, kwahiyo mpaka ufike soda ya nne kwa siku ndo uanze kuona faida, na hiyo kila siku, hata siku mliyoshuka Cozumel mnazurura nje ya meli wanahesabu. Na hauruhusiwi kulipia mmoja mkanywa wanne, wanakamata.

Halafu watu wanasahau vya bure. Kule juu kwenye bufee kuna maji, barafu, limonadi, chai ya baridi, kahawa, na asubuhi juisi. Beba chupa yako tupu ujaze. Wamarekani wenyewe wanabeba vile vipaketi vya juisi ya unga wanakoroga na maji ya bure, hamna anayewaangalia vibaya.

shangazi_mbezi
Baharia kasema kweli ila niongezee, usije ukamshauri mwenzio kwa meli nyingine ukadhani sheria ni moja. Royal Caribbean nao wanaruhusu 12 lakini ni kwa chumba sio kwa mtu, na Norwegian hawataki kabisa uingie na soda yako.

Ila mama wawili kikubwa ni kadi!! Humo ndani hamna kutoa cash, kila mtu anapewa kadi ya kununulia vitu, mtoto nae anapewa ya kwake, na usipowahi kuifunga anaagiza tu. Mjukuu wangu, safari ya meli nyingine jina nabaki nalo, alikuwa anaenda baa ya kwenye bwawa na wenzie anawanunulia soda wote, bosi mdogo, sisi tumelala zetu mchana. Siku ya mwisho bili inakuja karatasi mbili. Nililia mie. Ukishapanda tu nenda pale mapokezi waambie kadi za watoto zisiruhusiwe kununua kitu, Carnival wanafanya hiyo bila shida.

kijana_wa_temeke
Shangazi huyo mjukuu ni wa kwetu Temeke huyo 😂

mama_wawili_tabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Shangazi pole, ila nimecheka mpaka baba watoto kauliza kuna nini. Kwahiyo makopo 48 siku 7 ni karibu makopo mawili kwa mtu kwa siku, yanatosha kabisa, mie mwenyewe nitakunywa limonadi yao. Baharia swali la mwisho, chumbani kuna friji? Soda ya moto mume wangu haigusi, na anauliza kama Stoney Tangawizi inapatikana huko.

baharia_wa_tanga
Friji usiitegemee, vingine vina kiboksi tu kinachopoza kwa mbali. Muombe anayehudumia chumba chenu ndoo ya barafu kila jioni, ni bure, muite kwa jina lake atakuletea bila kuchoka. Stoney Walmart sahau, mwambie shemeji anywe ya mwisho hapo airport kabla hamjapita ukaguzi.

mama_wawili_tabata
Kasema basi atakunywa mbili 😂