Kisukuku cha gamba kwenye jiwe la chokaa, Dodoma: hii ni spishi gani?

mwl_baiolojia_dom
Wakuu heshima kwenu. Mi ni mwalimu wa baiolojia hapa Dodoma, jirani yangu anajenga Nzuguni ameshusha mawe ya kupamba ukuta, yale ya chokaa yanayoelekea njano, sasa fundi katika kuyachonga akapasua moja ndani kikatoka hiki kidude. Upana ni kama sentimita 2.5, kina mistari minene imetoka kwenye ncha ikasambaa hadi ukingoni, na ukikiangalia kwa mbele pale magamba mawili yanapokutana hapajanyooka, ni meno ya msumeno kabisa, halafu katikati gamba moja limebonyea na la pili limeinuka kulifuata. Simu imenambia ni Spirifer. Jamaa mmoja kazini anabisha anasema ni kombe la kawaida la baharini. Mi nataka jina kamili, jenasi na spishi, nikiweke maabara wanafunzi wakione. Fundi anadai mawe yamechimbwa hukuhuku Dodoma. Na je nikikiloweka kwenye maji ya betri jiwe litaisha kibaki chenyewe?

Zabibu_Chungu
Bahari Dodoma mwalimu?? 😂😂 labda Mtera ilikuwa na chumvi zamani. Kombe hilo, tafuta ndimu na pilipili tuendelee na maisha

BintiWaMiamba
Mwalimu kwanza toa hicho kitu karibu na maji ya betri, nakuomba. Gamba lenyewe ni kalisaiti (madini ya chokaa) na jiwe ni kalisaiti hiyohiyo, asidi haichagui, itakula vyote, na maji ya betri ni asidi ya salfa itakuachia ganda la jasi juu yake. Asidi inafaa pale tu gamba limegeuka silika, hapo jiwe linayeyuka gamba linabaki. Chako tumia sindano, mswaki wa zamani na maji, polepole.

Kombe siyo. Chukua kombe lolote, lile la kawaida, magamba yake mawili yanafanana kama mtu na kioo, ila gamba mojamoja ukiligawa katikati nusu zake hazilingani, limeegemea upande. Hicho chako kwa maelezo yako ni kinyume, gamba la juu na la chini hayafanani, moja limebonyea lingine limeinuka, lakini kila moja ukilichora mstari toka kwenye ncha hadi mbele kulia na kushoto ni sawasawa. Hiyo ni brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, na kwa ukoo yuko mbali kabisa na makombe, hata chakula alikuwa anachuja kwa mkono maalumu wenye vinyweleo ulioko ndani ya gamba. Angalia gamba kubwa pale kwenye ncha kama kuna katundu, hapo ndipo kikonyo kilitokea akajishikiza kwenye mwamba.

mwl_baiolojia_dom
Katundu kapo, kadogo sana, nimeona kwa lenzi. Na kweli nusu zinalingana. Kwa hiyo simu ilipatia, Spirifer?

BintiWaMiamba
Hapana. Spirifer ni brakiopodi pia, ila bawaba yake (pale magamba yanapoungana nyuma) ni ndefu imenyooka, mara nyingi ndio sehemu pana kuliko zote, anakuwa kama ana mabega. Wewe umesema mistari imetoka kwenye ncha ikasambaa, hukutaja mabega. Ncha ndogo kali, mistari minene, ukingo wa meno, tuta na bonde katikati, hao ni rinkonelida, kundi (oda) mojawapo la brakiopodi. Hakikisha na kitu kimoja, kamata lenzi ya mara 10 uangalie uso wa gamba pale palipo pasafi, ukiona vitundu vidogovidogo vingi vimejaa gamba zima basi rudi hapa tuanze upya, kwa sababu terebratulida, kundi jingine la brakiopodi, ndio wenye hivyo, na rinkonelida kwa kawaida hawana.

Kondoa_Kwetu
Dada samahani naomba niingilie, hili la kuchimbwa Dodoma mbona mnaliruka? Mi nafanya kazi za kokoto miaka mingi, mawe ya huku ni graniti tu na naisi

BintiWaMiamba
Siliruki kaka, nilikuwa nakuja huko na ndio penyewe. Miamba ya Dodoma mingi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, brakiopodi wameanza kuonekana duniani miaka milioni mia tano na ushee iliyopita. Hata chokaa tuliyonayo huku, ile ya Bahi na Manyoni, imejitengeneza kwenye udongo na kwenye mbuga maji yakikauka, wala siyo ya bahari. Kwa hiyo fundi hajui mzigo umetoka wapi. Mwalimu muulize aliyeleta lori, mi nabashiri pwani, Tanga ile chokaa ya Amboni ni ya Jurasiki (enzi ya dinosaria) na ni ya bahari.

mwl_baiolojia_dom
Nimempigia dalali, mzigo umetoka Tanga kweli, machimbo hakumbuki jina ila ameahidi kumuuliza dereva. Vitundu hakuna, gamba liko plain. Sasa spishi?

BintiWaMiamba
Spishi kwa sasa usiandike. Rinkonelida kwa nje wanafanana mno, kuna jenasi za enzi tofauti kabisa ukiziweka mezani unasema ni ndugu, tofauti iko ndani, zile ndoano zilizoshika mkono wa kuchujia na vibao vya kwenye bawaba. Kuziona wataalamu wanasaga gamba kuanzia kwenye ncha, kidogokidogo sana, kila hatua wanachora wanachokiona, mwisho kisukuku kimeisha chote. Cha kwako ni kimoja, usithubutu. Kwanza pitia mawe mengine ya huo ukuta kabla hayajapakwa simenti, ukipata kadhaa pima urefu, upana na unene, hesabu mistari, maana mtoto wa spishi ileile bonde lake huwa halijaingia sana na watu wanampa jina jingine bure.

Kuna mmoja anaitwa Somalirhynchia africana, wa Jurasiki ya upande wetu, alielezwa toka Somalia, na jenasi aliiweka mtaalamu Muir-Wood 1935. Mlinganishe na picha zake, lakini kufanana tu na picha hakutoshi kumpa jina.

Zabibu_Chungu
Kwa hiyo ndimu nirudishe 😅

mwl_baiolojia_dom
😂 Rudisha. Dada sasa kwenye kibao cha maabara niandike nini? Wakaguzi wakija wanataka jina

BintiWaMiamba
Andika "Brakiopodi, oda ya Rhynchonellida, jenasi haijathibitishwa, chokaa ya Tanga (inadhaniwa Jurasiki)", na chini yake jina la machimbo dereva akishajibu. Hilo jina la machimbo usilisahau, ukilipata nenda nalo GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) hapo mjini ukaangalie kwenye ramani ya jiolojia ni chokaa ya tabaka gani, tukijua tabaka orodha ya majina inapungua sana.

Kondoa_Kwetu
Na mwambie jirani yako asipake simenti leo