MREJESHO: Sato mweusi nje, mbichi mfupani

Wakuu, niliuliza kwa nini sato (samaki wa ziwani) tunayemkaanga mgahawani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, anatoka mweusi nje huku mfupani bado ana damu, na wateja wanachoka kusubiri. Tatizo limeisha.

Kosa kubwa lilikuwa barafu. Samaki alitoka kwenye friza akaingia karaini moja kwa moja. Ngozi inaungua kabla moto haujafika ndani. Sasa anayeyushwa kwenye friji usiku kucha, anapigwa chale tatu kila upande hadi kisu kiguse mfupa, anakaa na chumvi na limao nusu saa, kisha anakaushwa kabisa kwa kitambaa. Maji yakibaki, mafuta yanaruka na ngozi inanata.

Mafuta nyuzi 170 hadi 180. Sato wa nusu kilo, dakika sita kila upande, wawili tu kwa karai. Ukijaza wanne mafuta yanapoa, samaki anayanywa. Hapo aliyenishauri humu kupunguza idadi ya samaki karaini alikuwa sahihi kabisa.

Kuhusu kusubiri: mhudumu anataja dakika 25 wakati wa kuchukua oda, na ugali unasongwa samaki akishageuzwa. Malalamiko ya ugali uliopoa nayo yamekwisha. Asanteni sana.