"Nakala 150 tu, haitachapishwa tena." Hawa wachapishaji wanatuona mabwege

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto, mtanisamehe lugha.

Miezi minne iliyopita nyumba moja ya uchapishaji (siitaji, mawakili wao wana muda kuliko mimi) ilitangaza chapa, yaani picha ya kuchapwa kwa idadi maalumu, ya msanii wa mitaani ninayemfuatilia tangu enzi anapiga stensili usiku na kutimka. Nakala 150, saini ya penseli, namba kwa mkono, haitachapishwa tena. Nikategesha kengele. Ukurasa ulipofunguka nikabonyeza hadi kidole kikafa ganzi. Walanguzi na programu zao walishazoa nyingi, na robo saa haijaisha zilikuwa zinauzwa kwingine kwa mara tatu ya bei, mali yenyewe haijatoka hata kwa mchapishaji. Hilo tumeshalizoea. Mimi bahati iliniangukia, nikapata 112/150, yaani nakala ya 112 kati ya 150, ya rangi nyeusi. Nikafurahi kama mjinga.

Wiki ya sita ikaja picha ileile, safari hii ya bluu. Nakala 150. Wiki ya tisa, nyekundu. 150 nyingine. Halafu zikaletwa "nakala za msanii" 40. Arobaini! Hizo ni zile anazobaki nazo msanii mwenyewe nje ya hesabu, na kwa mazoea huwa kama asilimia 10 ya toleo, yaani 15 hivi kwa toleo kama letu. Hizi 40 alikuwa anagawia ukoo mzima? Tena zimewekwa sokoni. Jumlisha: picha moja, nakala 490.

Nikawaandikia. Wakajibu kwamba kila rangi ni toleo linalojitegemea. Basi.

Na msije mkaniambia Banksy, yule msanii wa mitaani wa Uingereza, naye alifanya. Najua. Ile ya msichana na puto ya 2004 ina nakala 150 zenye saini na 600 zisizo na saini, na za msanii zenye puto la rangi nyingine zipo pia. Lakini anayeinunua anajua hasa anachonunua, na ana pa kuuliza. Ofisi ya Pest Control ndiyo inayothibitisha kazi za Banksy, na cheti chake kimebanwa nusu ya noti feki ya pauni 10 yenye sura ya Diana, imechanwa, nusu ya pili wanabaki nayo wao. Ni mzaha, ila mzaha unaofanya kazi. Mimi cheti changu ni karatasi iliyotoka kwenye printa, saini yenyewe ya kunakiliwa.

Printa ndiyo iliyonimaliza kabisa. Chapa ya skrini kila rangi ina skrini yake (kitambaa chenye vitundu kilichowambwa kwenye fremu, si ya kompyuta), wino unapitishwa kwa mkono rangi baada ya rangi, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unauona ulivyokaa juu kwa unene. Kazi ikiisha skrini zinasafishwa, na kurudia ni kuanza upya. Ndiyo maana namba ilikuwa na maana. Yangu nimeiweka chini ya lenzi: vidoti. Vidoti vidogo vidogo kila mahali, wino wa kunyunyizwa. Hiyo wanaiita giclée, neno la Kifaransa la kupandishia bei. Faili limekaa kwenye kompyuta yao, na wakitaka bluu, nyekundu au kijani kibichi kesho asubuhi ni kubonyeza tu.

Nikarudi kusoma tangazo, maana nilikuwa na uhakika walisema imechapwa kwa mkono. Kumbe wameandika "imekamilishwa kwa mkono". Huo mkono ni saini! Hapo kosa ni langu, nilisoma kwa pupa. Lakini aliyechagua neno lile alijua anamvizia nani.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nitulie, picha si naipenda? Naipenda, ndiyo. Ningenunua bango lake lisilo na namba kwa bei ya bango na tusingegombana. Hawa walinitoza bei ya namba.

Sasa la jana usiku. Kuna mtu kaweka picha ya nakala yake ya bluu, fremu safi, kioo kizuri. Nikavuta picha karibu kwenye kona ya chini kushoto. 112/150. Na yangu nyeusi, 112/150. Mwandiko uleule, ile 2 yenye mkia mrefu.

Mwenye 112 nyekundu naye yupo hapa?