Waini nyekundu ya 15,000 imenikausha mdomo. Imeharibika au mimi ndiye mshamba?

Mzee wa Mbili Baridi:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa bia, tena mbili tu za Ijumaa. Jana shemeji alikuja kula, nikasema leo na sisi tuonekane watu. Nikapitia dukani, nikabeba chupa ya waini nyekundu ya Dodoma. Kufika nyumbani kifungulio hakuna! Kizibo nikakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, waini ikanirukia shati jeupe.

Kuionja sasa: kama nimeng'ata bibo. Ulimi unakwaruza, fizi zimekauka. Shemeji kanywa nusu glasi kwa heshima, akaomba soda. Nimeuziwa mbovu? Chupa bado iko kabatini, imebaki zaidi ya nusu.

Dada Zabibu:
Pole kwa shati. Ilikuwa inanuka siki? Kama hainuki, huenda haijaharibika. Angalia lebo, naamini umechukua drai, yaani sukari ya zabibu karibu yote imeshageuka kilevi. Anayeanza angechukua switi au nusu switi.

Mzee wa Mbili Baridi:
Siki hapana. Na kweli imeandikwa drai. Nilidhani ni jina la kampuni 😂

Mgogo Halisi:
Huo ukakasi mkuu unatoka kwenye maganda na mbegu. Nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana ina rangi na inakausha mdomo. Nyeupe juisi hukamuliwa kwanza, maganda yanawekwa kando. Ni kama chai ya rangi iliyokaa sana na majani. Huku Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usiseme mzigo ulikuwa wa zamani. Mliinywa na nini?

Mzee wa Mbili Baridi:
Samaki wa kukaanga na pilipili ya kutosha. Waini ya moto vilevile, ilikuwa juu ya kabati.

Mgogo Halisi:
Basi kesi imeisha. Pilipili inaongeza ukali wa kilevi, na joto la Dar linamalizia. Wanaosema nyekundu inywewe kwa joto la chumba wanazungumzia vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Weka kwenye friji nusu saa, kula na nyama yenye mafuta.

Kijana wa Gongo la Mboto:
Tia kola, maisha yaendelee.

Dada Zabibu:
Mnacheka, lakini Wabaski kule Hispania wanakunywa hivyohivyo. Mkuu, hiyo iliyobaki ichuje vipande vya kizibo, mimina kwenye chupa ndogo safi ijae hadi shingoni, funga, tia friji. Siku tatu hivi utakuwa salama. Ukiiacha kabatini wazi, hapo ndipo utapata siki kweli.

Mzee wa Mbili Baridi:
Mrejesho wa Jumapili. Nimeipoza, nikachoma mishikaki ya ng'ombe, pilipili nikaweka mbali. Bado inakwaruza, sitawadanganya, ila baada ya kipande chenye mafuta unasikia ladha ya tunda kabisa, na mdomo unarudi safi, tayari kwa kipande kingine. Mke wangu kamaliza yake akaanza kuitazama yangu. Bia siachi. Sasa nisaidieni, doa la shati linatoka na nini?

Dada Zabibu:
Chumvi, juzi.