Tumenyang'anywa mbuzi kwa matango pori ya historia ya Ulaya

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Jana ofisini kwetu kulikuwa na bonanza. Mpira tumefungwa, kuvuta kamba tumeburutwa, tumaini likabaki kwenye chemsha bongo ya historia, zawadi mbuzi mzima. Nikasukumwa mbele mimi. Hadi yanabaki maswali matatu tulikuwa tunaongoza. Tukakosa yote matatu, na yote nilikuwa nayajua! Muuliza maswali majibu yake kayaokota kwenye zile video za "mambo usiyoyajua" zinazozunguka WhatsApp, na karatasi yake haibishiwi.

La kwanza: kofia za vita za Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, zilikuwa na nini juu? Nikasema hazikuwa na kitu. Kosa, eti pembe. Jamani, pembe zile ni za jukwaani. Mwaka 1876 kule Bayreuth, Ujerumani, opera (michezo ya kuimba) za mtunzi Wagner zilipoonyeshwa, mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler aliwavika baadhi ya waigizaji kofia za pembe, na picha hiyo ikaganda vichwani mwa watu mpaka leo. Kofia ya Kiviking iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 ni ya chuma, ya mviringo, ina kinga ya macho kama miwani. Pembe hakuna. Na hata ukiacha vitabu, nani mwenye akili anaenda vitani na mpini kichwani wa adui kumshikia?

La pili lilikuwa Napoleon, yule mtawala wa Ufaransa, na ufupi wake, nalo nalipita haraka maana linanipandisha presha. Alipokufa mwaka 1821 alipimwa futi 5 na inchi 2, lakini za Kifaransa. Inchi ya Paris ilikuwa karibu sentimita 2.7, ya Kiingereza ni 2.54. Piga hesabu utapata kama sentimita 168, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa enzi zile. Wachora vibonzo wa London, James Gillray akiwa mbele yao, ndio waliomchora kama katoto kalikonuna.

Sasa la tatu, lililomchukua mbuzi. "Wazungu wa Zama za Kati walikuwa wanaoga mara ngapi?" Jibu la kwenye karatasi: mara moja kwa mwaka. Ukumbi mzima kicheko. Nikanyoosha mkono kupinga, nikaambiwa nikae chini nisiharibu sherehe za watu.

Haya, nitasemea hapa. Zama za Kati ni kama karne ya 5 hadi ya 15. Orodha ya kodi ya Paris ya mwaka 1292 inataja nyumba za kuogea 26. Hizo ni za biashara, za watu wa kawaida, fikiria kitu cha ukoo mmoja na Hamamni, zile bafu za umma za zamani pale Unguja. Karne hiyo hiyo ya 13 wenye hizo nyumba walikuwa na chama chao na kanuni zao zilizoandikwa: ukijifukiza mvuke tu unalipa denari 2, ukiingia na kwenye maji denari 4. Walikuwa na wapiga mbiu mitaani wa kutangaza kwamba maji yameshachemka. Ikabidi wakatazwe kupiga mbiu kabla ya kupambazuka, kwa sababu wateja waliamka gizani kuwahi kuoga wakapatwa na hatari njiani. Mtu anadamka usiku, anahatarisha roho yake awahi maji ya moto, halafu wewe unaniambia anaoga mara moja kwa mwaka?

Ujerumani nako fundi alikuwa anapewa hela ya kuoga juu ya ujira wake, kama sisi tunavyompa mtu hela ya soda.

Utamu wenyewe uko mbele. Waliopunguza kuoga ni wajukuu zao, kuanzia karne ya 16. Kaswende ilikuwa imeingia Ulaya miaka ya 1490, nyumba za kuogea zikawa na sifa mbaya, kuni zikapanda bei, na madaktari wakafundisha kwamba maji ya moto yanafungua vitundu vya ngozi tauni ipate pa kuingilia. Basi matajiri wakahamia kwenye kubadilisha mashati ya kitani na kujifuta kwa kitambaa. Na ule uvundo wa London wa mwaka 1858, wabunge wananing'iniziwa mapazia yaliyoloweshwa dawa ili wasisikie harufu ya mto Thames, ni enzi za viwanda na meli za mvuke. Huku kwetu Seyyid Majid ndiye anayetawala Unguja. Mnauchukua uvundo huo mnambebesha mtu wa mwaka 1292 aliyetoka kuoga!

Najua kuna mtu ataingia hapa kusema "mkuu, umekuwa wakili wa Wazungu". Simtetei mtu. Ukitaka kuwacheka wacheke, ila kila mmoja umcheke kwa karne yake.

Ninachotaka ni kimoja: kabla hujaitupia video kundini, au hujaigeuza swali lenye zawadi ya mbuzi, tafuta hata ukurasa mmoja uliochapishwa usome. Ile sauti nzito na muziki wa kutisha nyuma yake siyo ushahidi.

NAONGEZEA (saa 2 usiku): Mnaouliza mbuzi aliishia wapi, walioibuka washindi ni watu wa uhasibu. Mmoja wao kanitumia sasa hivi picha ya bakuli la supu, chini kaandika "karibu, na uoge kwanza".