Ngozi ya shingo imelegea, nifanye upasuaji au niache? Naombeni ushauri

MamaWaKisasa: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 57, nipo Dodoma. Nilipungua sana baada ya kugundulika na sukari, uso uko sawa tu ila shingo inaning'inia, nikiongea zile kamba mbili za mbele zinasimama. Binti yangu anasema mama huo ni umri achana nao, lakini mimi inaninyima raha jamani, gauni la shingo wazi sivai tena. Nimeskia kuna upasuaji wa kukaza shingo, anayejua anieleweshe, au kuna krimu?

NesiMakole: Shikamoo mama. Krimu haiwezi kukaza ngozi iliyolegea hivyo, usimalize hela. Hizo kamba ni msuli unaitwa platisma, umri ukienda unaachana pale katikati. Daktari anapasua nyuma ya masikio na mara nyingi chini ya kidevu pia, anaushona msuli, mafuta yakiwepo anayatoa, ngozi iliyozidi anaikata. Ni upasuaji kamili huo sio mambo ya saluni, uvimbe na michubuko kama wiki mbili, na damu inaweza kuvilia chini ya ngozi ukarudishwa chumba cha upasuaji. Kwa sukari yako omba kwanza HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, maana sukari ikiwa juu kidonda kinasumbua kupona. Na kama unatumia aspirini mwambie daktari, usiache mwenyewe.

Mgogo_wa_Bahi: Mama ulivyotoboa masikio ilikuaje? Kama uliota kovu linalovimba sema mapema, ngozi zetu hizi keloidi zinatupata sana na hapo wanapasua karibu na sikio. Mkorogo nao kama unapaka acha, wenye steroidi unafanya ngozi inakuwa nyembamba.

Chausiku: Botoksi, ile sindano ya kulegeza msuli, inatuliza hizo kamba miezi mitatu minne tu na ngozi iliyozidi inabaki palepale. Mi naona kama roho inataka fanya, ni mwili wako, ila hakikisha daktari amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika na ni wa upasuaji rekebishi kweli, wa mtandaoni asiyetaja hospitali mkimbie. Panda treni ya SGR uende Dar ukaonane naye uso kwa uso kabla hujalipa hata mia.

MamaWaKisasa: Marahaba nesi, asanteni sana wanangu. Masikio yalipona vizuri tu, aspirini natumia. Kliniki ya sukari nitaulizia hicho kipimo. Chausiku, huko Dar nikifanyiwa itabidi nikae siku ngapi ndo nirudi?