Feni ya injini au ya umeme kwa Canter inayopanda Kitonga?

Mwenye Canter, Iringa
Habari zenu wakuu. Ninaendesha Mitsubishi Canter inayobeba tani 4 za saruji kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Kwenye tambarare haina shida, lakini nikianza kupanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, mshale wa joto hukaribia alama nyekundu, nami hulazimika kusimama hadi injini ipoe. Fundi mmoja ananishauri ning'oe feni inayozungushwa na injini na kufunga mbili za umeme, akisema nitaokoa pia dizeli. Je, ushauri huo unafaa kwa gari la mzigo?

Fundi wa malori, Mbeya
Mkuu, tafadhali usiing'oe kabla hujaipima. Mlimani gari hutembea polepole, upepo wa mbele ni mdogo na injini inatoa joto jingi mno, kwa hiyo kazi ya kupoza rejeta inabaki kwa feni. Feni ya umeme ya volti 24 inayokula ampea 12 haifiki hata wati 300, nguvu ndogo sana kuliko ile inayopata feni ya injini, na umeme huo unatoka kwenye altaneta inayozungushwa na injini hiyo hiyo kwa dizeli hiyo hiyo.

Anza na klachi ya feni, ile sahani nene ya katikati yenye mafuta ya silikoni inayounganisha feni na injini. Zima injini ikiwa ya moto, chomoa ufunguo, kisha sukuma feni kwa mkono. Klachi isiyoharibika huwa nzito na feni husimama upesi; ikiendelea kuzunguka yenyewe mara kadhaa, klachi imekufa. Kagua pia kava la feni, kwa maana likivunjika feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Mwenye pikapu, Dodoma
Mimi nilifunga ya umeme kwenye pikapu ya petroli, na inanifaa sana katika foleni, kwa sababu hata injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta) feni inazunguka kwa kasi ile ile. Hata hivyo sijawahi kupanda mlima na tani 4. Atakayeifunga aweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na waya mnene. Wangu wa kwanza ulikuwa mwembamba, ukayeyuka ganda karibu na betri.

Mwenye Canter, Iringa
Nawashukuru sana. Jana nilipofika nilizima injini ikiwa ya moto nikaisukuma feni: ilizunguka mara tano ndipo ikasimama, na kuizunguka klachi kuna mafuta yaliyoganda na vumbi jeusi. Nimeagiza klachi mpya.